Siku Mdogo Wangu Alipoacha Kulia

Nilipompeleka binti yangu chekechea hapa Mbarara, harufu ya uji ulioungua ilinipokea mlangoni, nikakumbuka Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulikoishi utotoni. Mama alipokwenda kulima maharagwe, alituacha kwa jirani aliyetuunguzia uji kila asubuhi akipiga soga nje. Mdogo wangu, aliyekuwa bado hajaanza kutembea, alilia siku tatu bila kubebwa. Mimi nami nilikuwa mdogo, sikuweza kumwinua. Siku ya nne akanyamaza.

Jioni jirani akamwambia Mama, "Mutoto amezoea fasi. Hasumbue tena."

"Aksanti sana, dada," Mama akajibu, uso umemng'aa.

Nilijua hakupazoea mahali pale, ila sikuwa na maneno ya kulisema hilo. Mama akanyoosha mikono ambebe. Mdogo wangu alimtazama tu, mikono yake hakuiinua.