Nilivyokaanga minofu kwa ajili ya wazungu wa kadi, nikamficha mama jikoni

Wakuu, heshima zenu. Ujana wangu niliumaliza nikijaza madaftari ya riwaya, lakini hili si riwaya. Ni lililonipata, na chumvi pekee iliyomo ni ya samaki.

Ilikuwa Kasongo, wakati wa Wabelgiji.

Nilikuwa karani kijana, nimeomba ile kadi ya watu walioitwa wastaarabu. Niliitamani kama mchumba. Bila kadi hiyo, cheo nilichokitaka kingeenda kwa mwingine.

Kabla ya kukupa, wazungu wa serikali walikuja nyumbani kukagua. Kitanda, choo, hata kama unakula mezani kwa uma.

Basi nikanunua samaki mkubwa wa Nyangwe, bado ananuka mto. Nikamtoa minofu safi, bila mfupa, kama nilivyoona kwa mpishi mmoja wa wazungu.

Mama yangu alikuwa ametoka Kabambare kututembelea. Yeye alikula kwa mkono, mkekani. Nikamwomba siku hiyo abaki jikoni, nyuma ya nyumba.

"Iko sawa, papa," akasema; kwetu mama humwita mwanawe hivyo, yaani baba.

Hadi leo neno hilo linanichoma.

Nikatia minofu kikaangoni. Wa kwanza ukaganda, ukavunjika. Wa pili vilevile. Ikabaki minne, na wageni wako njiani!

Mke wangu, Feza, akacheka. "Bwana karani, unakaanga ao unasonga bugali?"

Mama akaninyang'anya mwiko. "Mutoto, samaki iko na maji, mafuta iko baridi. Itakosa kukamata kikaango?"

Akaifuta minofu kwa kitambaa mpaka ikakauka. Akangoja mafuta yachemke sawasawa, ndipo akailaza.

"Sasa acha. Usiiguse mpaka iachie yenyewe."

Wakuu, sauti ile! Mvua ndogo juu ya migomba. Kingo zikawa za dhahabu, na kila kipande kikageuka kizima.

Wakaja wazungu wawili. Wakala, wakasifu. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Nani amepika?"

"Mke wangu," nikajibu upesi.

Feza akaweka uma chini. "Hapana, bwana. Ni mama yake. Amemuficha kule jikoni."

Nilitamani sakafu inimeze.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakula vile vipande nilivyovivunja.

"Mama, njoo mezani."

"Na ile mauma yenu?"

"Tutakula na mukono."

Akanawa, akaketi kwenye kiti changu. Nikala naye kwa mkono, mbele yao, masikio yakiniwaka.

Kadi sikuipata, na sababu sikuambiwa. Cheo akachukua mwenzangu. Niliumia, nisiwadanganye, lakini chakula cha mchana ule kilishuka vizuri.

Nilichojifunza: kausha samaki, pasha mafuta, usiwe na haraka ya kugeuza. Na aliyekupikia, mwite mezani kabla mgeni hajauliza.

Haya, nani humu amewahi kumficha mtu wake kwa sababu ya wageni? Semeni tu. Mimi sina haki ya kumcheka mtu.