Pasi ya Mama na Kompyuta Inayosahau

Saa tatu asubuhi, mama anapepea mkaa wa pasi yake chini ya upenu. Ndani, binti yake ameifungua kompyuta ya mpiga picha za harusi, brashi mkononi, anatoa vumbi kwenye feni. Wateja humwita Fundi Kumbukumbu, na jina hilo analivaa kifua mbele.

Hadi mwezi uliopita walifanya kazi chumba kimoja, meza zao zimegusana. Pasi hiyohiyo ndiyo iliyomlipia chuo cha ufundi miaka miwili, nguo kwa nguo.

Kisha mpiga picha akaja juu. Kila alipopita mchana kuijaribu kompyuta aliyoileta itengenezwe, aliikuta inajikokota.

"Kesho naihamishia kwa fundi mwingine. Na wenzangu nitawaambia."

Fundi aliipima kabla mkaa haujawashwa, akaipima tena pasi ikiwa moto. Feni ilikuwa ikivuta joto la meza ya mama.

"Kumbukumbu ya kompyuta ni sahaulifu," anaeleza. "Muda wote inakumbushwa ilichoshika, na ikikumbushwa, kazi nyingine zinasubiri. Ikipata moto sana inasahau upesi, basi inakumbushwa mara mbili ya kawaida."

Anakiri kwamba kila kusubiri ni kufupi mno, na kwamba joto huchosha sehemu nyingine pia. Lakini video ya harusi nzima ni kazi nzito, na ucheleweshaji huo hujumlishana.

Kibarua kilikuwa kumwambia mama.

"Nilijiuliza," anasema. "Nimwambieje kwamba pasi iliyonisomesha ndiyo inayonifukuzia wateja?"

Mama aliposikia, alicheka mpaka akaitua pasi.

"Kumbe mashine zako zinadeka hivyo? Shika upande huo wa meza, mwanangu, tutoke."

Mchana huo mpiga picha aliijaribu kompyuta, akaikuta haijikokoti tena, kisha akatoka nje kumshukuru mama. Wiki iliyofuata alileta wenzake wawili. Tangu hapo kila anayeleta shati la kupigwa pasi husomeshwa na mama, kwa madaha, namna kompyuta inavyokumbushwa.

Lakini upenu hauzuii mvua, na jambo hilo linamuuma binti. Anaweka akiba akodi chumba cha jirani kabla ya masika, mama arudi ndani.

"Kibao kiandikwe Fundi Kumbukumbu," mama anaagiza kutoka nje.

"Sawa, mama," binti anajibu bila kuinua kichwa. "Ila juu kabisa tunaandika Pasi."