Mtazamaji Aliyetoka Nje Mkwe Alipoingia

Nilisikia habari za kifo chake kwenye redio, katika matangazo ya vifo ya Kikamba yanayosomwa mchana, saa ile ambayo nyumba nyingi za kwetu hunyamaza hata kama chakula kiko mezani. Msomaji alitaja kijiji kimoja juu ya Nunguni, akataja watoto na wajukuu, kisha akafika kwa wakwe na kutaja fundi mmoja wa magari wa Mwingi. Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini, maana mpaka wakati huo nilikuwa nikijidanganya kwamba huenda ni mama mwingine. Wasomaji wangu mnajua kwamba majina siyataji katika safu hii, na leo pia sitayataja. Ila mjue kwamba amekufa mtazamaji wa filamu aliyewapita wote niliowahi kuwafahamu, na maishani mwake hakuwahi kukanyaga ukumbi wa sinema.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya upili kule Nunguni. Karibu na shule palikuwa na zahanati ya kanisa iliyoendeshwa na Wakorea wawili, mchungaji na mkewe aliyekuwa mkunga. Kila Jumamosi nilikwenda kuwafundisha Kiswahili. Yule bibi alikuwa na kiu ya kwao, na dada yake alikuwa amemtumia sanduku zima la kaseti za video, tamthilia za Kikorea zilizorekodiwa kutoka runinga, bila tafsiri ya lugha yoyote. Jumamosi alasiri jenereta ilipowashwa ili kupandisha maji kwenye tangi, naye aliitumia nafasi hiyo kutazama. Akina mama waliokuwa wameleta watoto kupimwa uzani walichungulia dirishani, wakakaribishwa ndani, na baada ya wiki chache sebule ilikuwa imejaa mpaka watu wakakaa kwenye mikeka. Kwa kuwa mwenye nyumba hakujua Kikamba, sote tulizungumza Kiswahili chetu cha bara, kila mtu kwa namna yake.

Mama ninayeandika habari zake alikuwa na kiti chake mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Alikuwa mjane mwenye kahawa na kabichi, mwenyekiti wa kina mama kanisani, mtu ambaye hata wazee wa kanisa walipanga maneno yao kabla ya kumjibu. Sisi tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Sauti ya runinga kwake haikuwa na kazi, kwa sababu hakuelewa hata neno moja, na nadhani ndiyo sababu aliona zaidi yetu. Akiona mtu amekohoa mara moja alituambia huyo atakufa, na kweli hakufika mwisho wa kaseti. Vile vibakuli vingi vya mezani vilimuudhi. "Vyombo ni nyingi, chakula ni kidogo," alisema, na yule bibi wa Kikorea alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini mama wa huko walipofunga watoto mgongoni kwa kitambaa, na ukungu ukashuka juu ya vilima vyao na watu wakavaa sweta, alisogeza kiti chake karibu na kioo. Kisha akatuambia kwamba hao ni watu wa Kilungu, wa vilima vyetu hivi vya Nunguni, ni vile tu wamehama.

Kuhusu uigizaji alikuwa na nadharia yake, na mpaka leo sijasoma iliyo bora. Alijua vizuri kwamba wale ni waigizaji. "Kulia unaweza kujifanya," aliniambia. "Kukasirika, kupenda, hata kufa, yote unaweza kujifanya. Lakini kuinamia mtu mkubwa, hapana. Mgongo inajua kama unadanganya." Basi alipima waigizaji wote kwa migongo yao. Kijana mmoja maarufu, ambaye yule bibi wa Kikorea alimpenda sana kwa sura yake, alifutwa kabisa kwa kosa la kuinama huku anafikiria mambo mengine.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Wasomaji wasio wa kwetu niwaeleze kwamba sisi Wakamba tuna heshima iitwayo nthoni, na kali kuliko zote ni ile ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta pa kujificha uso. Vijana wengi wameilegeza siku hizi, lakini Mwaitu hakulegeza kitu. Sasa tamthilia za Wakorea zimejaa wakwe. Kila mkwe wa kiume alipofungua mlango kwenye runinga na mama mkwe yuko ndani, Mwaitu aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye kabichi za mchungaji mpaka kijana aondoke. Hakufanya mzaha. Alikuwa akimsaidia yule mama wa kwenye kioo, kwa kuwa mwenyewe hakuonekana kutaka kutoka.

Jumamosi moja kijana alikawia. Ilikuwa tamthilia ya familia ya mashambani, na mkwe alikuwa amerudi kutoka mjini amepoteza kazi, ameketi barazani kwa mama mkwe wake kama mtu aliyekuja kusema samahani kwa kuzaliwa. Mwaitu alikuwa nje, ameegemea ukuta kando ya dirisha.

"Mwalimu, huyo kijana ashaenda?"

"Bado, Mwaitu. Anakula."

"Anakula nini?"

"Kuku."

"Nani amempatia?"

"Mama ya bibi yake."

"Na mkono yake mwenyewe?"

"Ndiyo. Amemshika huyo kuku, amempika, sasa amemwekea mguu kwa bakuli."

"Na hakuna kitu imefanyika?"

"Hakuna. Kijana analia tu, na anakula."

Wiki iliyofuata, kabla ya wengine kufika, alimwomba yule bibi amrudishie pale pa kuku. Alisimama mlangoni, ameshusha leso mpaka kwenye nyusi, akatazama kipande kile mara tatu au nne. Halafu akatoa hukumu. "Mumeona macho yake? Huyo mama hajaangalia kijana hata kidogo. Ameangalia bakuli. Hawa watu wako na nthoni kama sisi, ni vile yao inaingia mpaka ndani ya nyumba." Nilipomfasiria mwenye nyumba, alitaka kucheka, kisha akakaa chini. Alituambia kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimpakulia mchungaji, mkwe wake, naye hakuwahi kuyatambua yale macho mpaka siku hiyo.

Mwaka uliofuata binti wa Mwaitu, aliyeolewa Mwingi, alilazwa hospitalini huko akiwa na mimba kubwa na shinikizo la damu lililopanda. Siku hizohizo mumewe, yule fundi, alikuwa akishughulikia lori la njia ya Garissa, rejeta, lile tangi la kupoza injini, ikafunguka ikiwa inachemka na maji yakamchoma mikono yote miwili. Naye akaletwa hospitali ileile. Mchungaji wa Kikorea alitupeleka na pikapu yake, mimi nikiwa mkalimani, Mwaitu akiwa amepakata thamosi ya uji. Tulimkuta binti amegeukia ukuta na sahani yake haijaguswa. Dokta alikuwa amemwonya kwamba asipokula atajiua, yeye na mtoto. "Yeye hajakula tangu jana," binti akatuambia juu ya mumewe. "Akikula, nitakula."

Nilikwenda wodi ya wanaume nikidhani ni jambo dogo. Fundi yule alikuwa mtu wa miraba minne, anayeinua peke yake vitu ambavyo wengine huita wenzao, na sasa mikono yake ilikuwa mafungu mawili ya bandeji juu ya blanketi. Midomo ilikuwa imepasuka. Chakula cha asubuhi kilikuwa kwenye kabati kando yake, kimepoa. Nilichukua kijiko nikamkaribia. "Sina njaa, mwalimu," akasema, akageuza uso. Nikajaribu tena. "Mimi si mtoto." Sista, muuguzi wa wodi, aliniambia amemkataa yeye pia, na kaka yake aliyetoka Zombe ameondoka kwa hasira. Kulishwa kama mtoto mbele ya wodi nzima kulimuuma kuliko vile vidonda.

Nilirudi nikamweleza Mwaitu pale koridoni. Alikaza kifuniko cha ile thamosi.

"Wewe anaweza kukukataa," akasema. "Sista pia. Hata ndugu yake. Mimi hawezi."

"Lakini Mwaitu, nthoni..."

"Ndiyo nakuambia. Ni hiyo itamfungua mdomo. Enda umwambie nakuja."

Nilikwenda nikamwambia kwamba mama wa mke wake yuko mlangoni na uji. Sijawahi kuona hofu kama ile katika uso wa mtu mzima. Alijaribu kushuka kitandani atoroke, akasahau kwamba hana mikono ya kujiinulia, akaanguka tena kwenye mto na kufumba macho. Mwaitu aliingia upandeupande, leso imefunika uso wake wote isipokuwa pa kupitisha macho, akaketi kwenye kigoda mgongo ukimwelekea nusu. Na hapo likatokea jambo ambalo nikilikumbuka mwili bado unanisisimka. Mzee mmoja aliyefungwa mguu kwa plasta alielewa alichokuwa anakiona, akajigeuza kwa shida akatazama ukuta. Aliyelala kando yake naye akageuka. Kitanda kwa kitanda, wanaume wagonjwa wa wodi ile waliwapa migongo, bila mtu kuambiwa kitu, ili wale wawili wasiaibike.

Mwaitu alimimina uji kwenye kikombe, akachota, akainua kijiko. Macho yake yalikuwa kwenye kijiko, hayakupanda hata kidogo. Kijiko kilikaa hewani na tone likaangukia blanketi. Niliogopa kwelikweli. Alikuwa ameweka mezani heshima yake yote ya miaka hamsini na kitu, na kama yule mtu angegeuza uso, hapangekuwa na mahali pa kurudi, si kwake wala kwa binti aliyekuwa anangoja upande wa pili. Ndipo ndevu zikatikisika, akafungua mdomo. Alimlisha mpaka kikombe kikaisha, akampangusa kidevu kwa ncha ya leso, akainuka akatoka. Hawakusemezana neno. Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake. "Amemaliza. Sasa kula," akamwambia, na binti akala. Mtoto alizaliwa wiki hiyo, wa kike, na wote wakapona.

Alibaki Mwingi akamlisha kila siku mpaka bandeji zilipopunguzwa. Baada ya hapo, nilidhani mambo yamebadilika, lakini wapi. Fundi alipokuja Nunguni na kumwona mama mkwe wake upande wa pili wa soko, alijitosa kwenye duka la karibu akajifanya ananunua misumari, na Mwaitu akavuta leso na kupita njia nyingine. Kila kitu kilirudi mahali pake. Majirani wengine hata hivyo walisema kwamba video za wageni zimemharibu, na kuna mahubiri yaliyomlenga bila kumtaja. Siku hizi kila soko la Kitui na Makueni lina kibanda cha video, na kila wiki napata barua ya mtu anayelalamika kwamba watoto wetu wanaiga yanayoonyeshwa. Siwapingi wote. Lakini nawaomba wafikirie huyu mama. Hakuiga kitu. Tamthilia ile haikumwambia aingie wodi ya wanaume, wala hakuona ndani yake mtu aliyeungua. Aliona macho ya mwanamke wa mbali yakitazama bakuli, akajua kwamba mtu anaweza kusogea karibu kabisa bila kumvunjia mwenzake heshima, akaliweka jambo hilo akilini mpaka siku nyumba yake ilipolihitaji. Mimi nilitazama kaseti zilezile, kwenye mkeka uleule, na nilichoona ni kuku tu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumzika. Jeneza liliwekwa uani na watu wakapanga foleni kumuaga. Fundi wa Mwingi alikuja wa mwisho, amevua kofia, mikono yake iking'aa makovu. Wazee wachache walitikisa kichwa, wakitarajia apite bila kutazama ndani, kama inavyompasa mkwe. Yeye alisimama. Mkewe alimgusa kiwiko ili aondoke na hakuondoka. Alitazama kwa muda mrefu sana, mpaka waimbaji wakamaliza wimbo wao na hakuna aliyeanzisha mwingine.

Baadaye tulikunywa chai pamoja kando ya tangi la maji, nikamuuliza kama yuko sawa.

"Nilikuwa sijawahi kumwona uso," akaniambia. "Miaka yote hiyo. Amenilisha na simjui uso." Akamtazama mkewe aliyekuwa akigawa vikombe. "Kumbe anafanana na bibi yangu hivyo. Kumbe nilikuwa nakaa naye nyumbani."

Sina la kuongeza juu ya hayo, ila hili ninalojiambia tangu nirudi. Mila zetu hazikuwekwa ili kila mtu akae na njaa yake upande wake wa mlango. Ziliwekwa na watu waliotaka tupendane bila kudharauliana, na anayezijua kikweli ndiye atakayejua siku ya kubeba kijiko na kuingia.