Kibanda cha Milango Miwili

Kila jioni mwaka ule Mzee Enoka alikaa mbele ya nyumba yake, kule Mbozi, akauelekea mlima, mpaka wapita njia wakadhani anasali. Hakuwa anasali. Alikuwa anapima. Mwezi wa tano bado aliiona miti ya mgongoni mwa mlima, mmoja mmoja. Mwezi wa nane aliuona mlima bila miti. Sasa ni mwezi wa kumi, na mlima wenyewe ulikuwa kama moshi.

Ferista, mke wa mwanawe, aliyajua hayo yote ingawa hajawahi kuzungumza na mzee hata neno moja. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, yeye huingia majanini akageuza mgongo mpaka mzee apite. Kwa miaka mitatu ya ndoa alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa visigino, na kwa maneno yaliyopenya ukuta wa fito.

Kupitia ukuta huo ndipo alipoyasikia ya tanuri. Mzee alikuwa akimweleza binti yake Nesta: baba yake alikuwa myeyusha chuma kule mlimani, kabla majembe ya dukani hayajaja na kuzima moto wote. Tanuri moja lilikuwa bado limesimama. Siku walipomaliza kulijenga, baba yake aliushika mkono wa Enoka akaukandamiza kwenye udongo mbichi, alama ikabaki.

"Nataka niuone mkono ule," alisema mzee. "Mvua zikianza, ndiyo basi tena. Kiangazi kijacho sitaona kitu."

Nesta akakubali kumpeleka. Kwa miguu ya mzee ilikuwa safari ya kutwa nzima, kwa hiyo wangelala huko huko, kwenye kibanda cha mbao cha Zebedayo, mlinzi wa msitu. Unga ukasagwa, maharage yakachaguliwa. Siku nne kabla ya safari Nesta akateleza kisimani, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Danford, mume wa Ferista, alikuwa Rodeshia kwenye migodi ya shaba.

"Nitakwenda mimi," alisema Ferista.

Nesta alicheka mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu. "Wewe, wifi? Kibanda kina chumba kimoja na mlango mmoja! Utalala juu ya mti?"

"Nitapanga."

"Na upange nini? Baba mwenyewe haoni siku hizi. Ukipita mbele yake atadhani ni mbuzi."

Ferista hakucheka. "Nikiacha kumwepuka kwa sababu haoni, wifi, nitakuwa nimemwambia amekwisha."

Kesho yake alimbeba mwanawe Ruti mgongoni, akapanda peke yake mpaka kwa Zebedayo. Akakizunguka kibanda mara mbili. Kisha akaonyesha ukuta wa nyuma.

"Baba, nakuomba ung'oe mbao tatu hapa. Mzee apitie mbele, mimi nipitie huku. Katikati nitatundika mkeka."

"Hii mali ya Serikali, binti. Bwana Misitu akiuliza?"

"Mwambie ni mchwa."

"Mchwa gani hao wanaong'oa misumari na kuipanga dirishani?" Lakini alikuwa tayari anaitafuta nyundo.

Siku ya safari mzee alitangulia na fimbo yake. Ferista alifuata nyuma, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Kila alipotaka kugeuka mzee alikohoa kwanza, Ferista akaingia majanini. Walikwenda hivyo, kukohoa na kujificha, mpaka jua likawa kali.

Mwishowe mzee akasimama bila kugeuka. "Ruti," aliita, "muulize mama yako kama amechoka."

Ruti, mwenye miezi minane, akacheua.

Ferista alifikiri. Mila ilimkataza kusema na mzee. Kusema na mwanawe hakuna aliyemkataza. "Ruti, mwambie babu mama hajachoka. Ila babu akipumzika, na mama atapumzika."

"Anaongea vizuri mtoto huyu," alisema mzee, akakaa. "Kuwazidi wazee wengi."

Jioni walifika. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele, Ferista kwa mlango wa mbao tatu.

Asubuhi, umande ukingali majanini, wakaenda kwenye tanuri. Lilikuwa refu kama watu wawili, ubavu mmoja umeshikwa na mizizi.

"Ruti, tumefika?"

"Ruti, mwambie babu tumefika. Liko mbele yake, hatua kumi."

Mzee aliona weusi tu. Ferista akamnyooshea ukuni mrefu kwa nyuma, uso kaugeuzia pembeni. Mzee akaishika ncha, naye akamsogeza taratibu mpaka viganja vyake vikagusa udongo. Akapapasa usawa wa kifua, akapapasa usawa wa mabega. Akazunguka, akarudi.

"Mvua zimeufuta," alisema kwa sauti ndogo. "Nimewasumbua bure."

Ferista alimtazama mgongoni, jinsi alivyonyoosha mikono juu. Ndipo akatambua.

"Ruti! Muulize babu siku ile alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mzee akacheka, kicheko ambacho Ferista hakuwahi kukisikia ukutani. "Nilikuwa bado sijang'oka meno ya utoto!" Akapiga magoti, akaondoa majani chini, vidole vikaingia mahali pake. Mkono mdogo, vidole vitano. Jua lilikuwa limepanda juu ya mgongo wa mlima, likaumulika udongo ule. Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ni mwekundu," alisema. "Nauona. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mwekundu."

Ferista akatandika khanga, akamweka Ruti juu yake, akarudi nyuma ya kichaka. Mzee akamchukua mjukuu wake, akaufungua mkono wake akauweka ndani ya alama. Ulibakiza nafasi kidogo ya kukua.

Walipokuwa wakiondoka kibandani, Zebedayo alikuja na nyundo kuzipigilia tena mbao tatu za ukuta wa nyuma.

"Ngoja kwanza," alisema mzee. Akakohoa, akageukia upande ule ambao Ferista hakuwepo. "Ruti, mwambie mama yako kiangazi kijacho sitaona. Lakini mikono ninayo. Muulize kama atanipangia tena."

Zebedayo akasimama, misumari mdomoni, akisubiri mtoto ajibu.

"Ruti," ilisema sauti kutoka majanini, "mwambie babu mbao ziachwe hivyo hivyo."