Noti ya Rosalie na kisanduku cha buluu

Tangu Guy afike Kashuga kutoka Walikale na kisanduku chake cheusi, Rosalie alikuwa akipata noti yake ya kuanzia wimbo bila hata kumtazama mume wake.

Mume huyo, Evode Habumugisha, aliliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine. Alikuwa mkulima wa maharage na mihogo, na tangu ujana wake yeye ndiye aliyepiga gitaa la besi katika kwaya. Rosalie aliimba alto, na alto huishikilia besi kama mharage unavyoshikilia mti wake. Hata kabla hawajaoana, Rosalie aligeuza shingo kidogo upande wa besi, akachukua noti, ndipo akafungua kinywa. Evode hakuwahi kumwambia kwamba kila Jumapili aliingoja ile shingo igeuke.

Kisha wakakimbia vita, mvua ikainyeshea ampli yake ya kukuzia sauti juu ya pikipiki, ikanyamaza moja kwa moja. Waliporudi, alichomeka besi kwenye mikseri, mashine ya kanisa ya kuchanganya sauti, hivyo hivyo bila ampli, ikatoa sauti kavu, kama mtu anayegonga ndoo. Guy, mchuuzi wa mawese, aliombwa apige Jumapili mbili. Naye hakuwa na ampli. Alikuwa na preampli ya kukanyaga, kisanduku kinachoikuza na kuinyoosha sauti ya nyuzi kabla haijaingia kwenye mikseri. Besi ikasikika hadi barabarani. Rosalie aliimba amefumba macho.

Jumatatu, akiosha sahani, Rosalie alikuwa akivumisha wimbo kwa chini. Evode alisimama mlangoni, akasikiliza. Ilikuwa njia ya besi, tena si yake. Ilikuwa ya Guy.

"Mama Estelle, hiyo umeitoa wapi?"

"Gani?"

"Hiyo unaimba."

"Aa! Kuimba njo imekuwa kosa sasa?"

Evode akachukua jembe, akaenda kulima shamba lililokuwa limekwisha limwa.

Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia, na kwaya za jirani zingekuja. Aliapa moyoni kwamba siku hiyo Rosalie atachukua noti mkononi mwake, la sivyo ataitundika besi ukutani na hataigusa tena. Siku ya soko alipanda pikipiki mpaka Kitshanga, kwa Sebarenzi, fundi wa redio.

Sebarenzi alikuwa na preampli mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ndogo, yenye vifungo vitatu vya kuzungusha. Nyingine ilikuwa ya buluu, inang'aa, vifungo vimejaa uso mzima. Alimvisha Evode ekuta za kusikilizia masikioni, akampa besi ajaribu. Ile nyeusi ilisema kama mtu mwenye mafua. Ile ya buluu ilinguruma mpaka tumboni.

"Papa Evode, pale kanisani muko na baffle ya namna gani?" Sebarenzi akauliza, akionyesha spika iliyokuwa ukutani. "Sababu preampli inachaguliwa na kule sauti itatokea, haichaguliwe na masikio ya hapa."

"Baffle iko baffle."

"Sawa. Lakini hii nyeusi njo Guy wa Walikale anatumia, na watu wanamusifu..."

"Guy ni nani?" Evode akavua ekuta. "Funga ile ya buluu."

Sebarenzi akacheka. "Mimi nauzisha preampli, kaka. Dawa ya wivu iko duka ingine."

Wivu una masikio makubwa, lakini hausikii. Vipaza sauti vya kanisa lao vilikuwa vya pembe, vile vya bati vya kutangazia watu, na Evode alikuwa amesaidia kuvipandisha kwa mikono yake mwenyewe. Sauti nene haipiti humo. Alilijua hilo, ila siku ile hakutaka kulijua.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa, vikapu vya maharage vikapangwa mbele. Guy alikaa benchi la kwanza kama mgeni. Jenereta ikawashwa, wimbo ukaanza, Evode akakanyaga kisanduku chake cha buluu na kuvuta uzi mnene kuliko zote. Pembe hazikutoa kitu. Akazungusha kifungo hiki, akazungusha kile, ni bure. Rosalie aligeuza shingo, akangoja, akakosa pa kushika. Alto wote wakapoteza noti.

Ndipo Guy, pale pale benchini, akavumisha ile njia ya besi kwa sauti yake mwenyewe. Shingo ya Rosalie ikageuka upande wake.

Wimbo ulipokwisha, Guy aliinama, akatoa kisanduku cheusi mfukoni mwa koti, akakisukuma sakafuni mpaka miguuni pa Evode.

"Chukua, Papa. Iko na pile, betri ya ndani."

Evode alikitazama kama mtu anavyotazama nyoka. Kisha akamtazama mkewe, ambaye midomo yake ilikuwa inatetemeka mbele ya wageni. Akachomoa waya, akauchomeka kwenye kile cheusi.

Wimbo wa pili ulipoanza, sauti yenye mafua ikapita kwenye pembe kama maji kwenye bomba. Rosalie aligeuza shingo, akachukua noti, akaimba.

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, Rosalie alisema, "Leo nimekusikia, Papa Estelle."

"Umenisikia mimi ao umesikia kisanduku ya Guy?"

"Guy hangojake mutu. Anapita tu. Wewe mbele ya kila mustari unachelewa kidogo, tupate kuvuta pumuzi. Unazani sijuake hiyo?"

Evode alitembea akiwa ameubeba mwavuli wa mkewe, jambo asilolifanya tangu Estelle azaliwe.

Siku ya soko alirudi kwa Sebarenzi kubadilisha.

"Nyeusi?" Sebarenzi akauliza. "Kama ya nani vile?"

"Nipe, wewe, usinichokoze."

Kabla ya kuipeleka kanisani, aliizungushia kipande cha kitenge cha Rosalie, akakishona vizuri, mtu yeyote asije akadhani ni ya Guy.