Kila Baada ya Dakika Nane

Ofisini walimwita Zima-Washa. Alikuwa fundi wa mfumo wa maombi wa chuo cha uuguzi, na kwa miaka mitano kazi yake kubwa ilikuwa moja: mfumo ukiganda, anaingia kwenye seva, anauzima, anauwasha. Waliwahi kumpigia akiwa kwa kinyozi, kichwa nusu. Waliwahi kumpigia akiwa msibani. Mwishowe alichoka, akaandika programu ya mistari thelathini imfanyie kazi hiyo. Kila mara ilibisha hodi kwenye ukurasa wa kwanza. Ukichelewa kuitika kwa sekunde tano, iliuzima mfumo na kuuwasha upya. Tangu hapo alikula chakula kikiwa cha moto.

Sheria ya neno la siri la kuingilia kwenye seva aliitunga yeye pia. Mwaka mmoja mwenzake aligusa seva siku ya mwisho ya maombi, akaivuruga. Basi Zima-Washa akapendekeza kwamba siku hiyo neno la siri libadilishwe asubuhi, likae kwa mkuu wa chuo peke yake mpaka saa kumi jioni, maombi yakishafungwa.

Mwaka huu, siku hiyo, saa saba mchana, mdogo wake wa kike alipiga simu kutoka nyumbani kwao.

"Kaka, chuo chenu kina wazimu gani? Nikifika kwenye kupakia cheti, kinanirudisha mwanzo."

"Jaribu tena."

"Hii ni mara ya nne. Na mwakani umri utakuwa umenipita."

Alijua. Miaka mitatu binti huyo alimuuguza mama yao, akimgeuza kitandani na kumwogesha, ili kaka abaki kazini.

Akafungua kumbukumbu za seva, ambazo aliweza kuzisoma bila kuzigusa. Mfumo ulikuwa umezimwa na kuwashwa kila baada ya dakika nane tangu asubuhi. Ndipo akaelewa. Watu walikuwa wengi, mfumo ukawa mzito, lakini ulikuwa hai. Programu yake haikujua tofauti ya mgonjwa na maiti. Iliuzima, waliokuwa wakijaza wakatupwa nje, wakarudi wote kwa mkupuo, mfumo ukaelemewa zaidi. Na fomu ilitaka robo saa.

Alimpigia mkuu simu tena na tena, haikupokelewa, akakimbilia mapokezi.

"Mkuu yuko wapi?"

"Kikaoni, upande wa pili wa mji. Simu kaniachia, hii hapa inanguruma kwenye droo," alisema mama wa mapokezi. "Umeipiga mara kumi na moja, Zima-Washa. Unataka kumposa?"

"Mama, nakuomba, mtume dereva."

Akaona uso wake, akaacha utani. "Namtuma sasa hivi, mwanangu."

Saa nane, saa tisa. Dereva hakuonekana. Zima-Washa alimwambia mdogo wake amtumie vyeti vyote, ili kaka ajaze mwenyewe, kwa vidole vinavyoijua fomu ile kama njia ya kwao. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, jina la mama. Akapakia cheti cha kwanza, cha pili. Akafika kwenye kiapo. Ukurasa ukawa mweupe.

Akaanza upya. Ukawa mweupe. Akaanza upya.

"Kaka, upo?"

"Nipo."

"Usijisumbue sana."

Saa kumi na dakika sita mkuu aliingia akihema, akampa karatasi yenye neno la siri. Zima-Washa aliingia kwenye seva, akaisimamisha programu yake kwa amri moja. Mfumo ukatulia palepale.

"Mbona kazi ndogo hivyo?" mkuu alishangaa.

"Ndogo, bosi. Tuongeze hata nusu saa?"

"Bodi ya chuo imeshachukua orodha ya waombaji, kijana wangu. Hapo hata mimi sina uwezo."

Simu ikaita.

"Kaka, umeweza!" Sauti ya mdogo wake ilikuwa na furaha. "Sasa ukurasa unafunguka mara moja, haukwami hata kidogo. Ila nimeshuka mpaka chini, sioni pa kuanzia kujaza. Niguse wapi?"

Zima-Washa aliikunja karatasi yenye neno la siri. Upande wa pili mdogo wake alikuwa bado akisubiri aambiwe.