Mabikira wa Ilakkiya

Mugdha Pendse alikuwa na kijicho, wala hakujisumbua kukificha. Kwa miaka alikuwa amefuga nzi wa matunda katika maabara moja ya Pune, akiwapikia uji wa mahindi na sukari guru, akiichunguza protini moja tu. Protini hiyo huishika DNA ya buu pale zilipo jeni za kuotesha bawa. Yeye aliiita Mshikaji, na alimsifu Mshikaji wake kama mama anayemsifia mwanawe mbele ya wakwe.

Lakini Mshikaji akiwa peke yake hafui dafu. Anashika, basi. Jeni za bawa haziamki mpaka aje protini mwingine, ambaye hawezi kuigusa DNA mwenyewe ila humng'ang'ania Mshikaji, na wawili hao ndio huziamsha. Kazi ya kumchunguza huyo, waliyemwita Mwenza, alikabidhiwa Ilakkiya, binti mgeni kutoka Madurai, ambaye hata uji wa nzi alikuwa anauunguza.

Haukupita muda, Ilakkiya akamfanya Mwenza ajitokeze kwenye miguu ya nzi, na miguu ikaota vipande vya bawa. Mwalimu Phatak, mkuu wa maabara, alichungulia kwenye hadubini, akatoka mwenyewe kwenda kununua vitamu vya pedha, maabara nzima ikala. Mugdha alikipokea chake akakitupa.

"Dada Mugdha, hujaja kuona mguu wangu."

"Nimeuona, bibie. Mguu ulioharibika. Hongera kwa kuuharibu."

Naye akajaribu lake. Akawajaza mabuu Mshikaji tele, watu wajue bwana ni nani. Mabawa yakasinyaa, maana washikaji walizidi wenza, wakaikalia DNA bure. Roho ilimuuma. Ruzuku yake ilikuwa ukingoni, na jina lake lisipotangulia kwenye makala ya maabara, kazi kwingine asingeipata. Kila mtu alijua jina la nani litatangulia. Vikao vya Jumatatu akaanza kuvikwepa kwa kusingizia kichwa, asisikie mgeni akisifiwa.

Sikukuu ya Pongal ikakaribia, Ilakkiya akafunga mizigo kwenda kwao.

"Dada, nakuomba unikusanyie mabikira. Wamo kwenye chupa zangu za nzi wa macho meupe. Watoe kabla ya saa sita mchana, uwaweke na madume wa macho mekundu, wale wenye Mwenza miguuni."

"Nenda kale wali wako wa maziwa. Mabikira wako niachie mimi."

Mfuga nzi yeyote anajua: jike aliyetoka kwenye gamba lake asubuhi, jioni kaka zake wameshampanda, na mbegu zao anaziweka akiba. Mpe mume mwingine, atamkataa kwa siku kadhaa, na watoto watakuwa wa wale wa kwanza. Mugdha alijua. Alikunywa chai, akapiga soga, akarudia chai. Alipozifungua chupa jua lilikuwa limezama. Akawachagua majike taratibu kwa brashi, akawaweka na madume wa macho mekundu, akabandika lebo safi.

Ilakkiya alirudi, na kizazi kikatoka: macho meupe matupu, miguu ya kawaida, hata mmoja hakumrithi Mwenza wa madume wale. Alikaa mbele ya hadubini muda mrefu, kisha akaja mezani kwa Mugdha.

"Nisamehe, dada. Labda nilikuachia chupa ambazo tayari zilikuwa na majike waliopandwa. Nimekuharibia."

"Mimi? Umeniharibia nini?"

"Majike wale wamerithi Mshikaji mbovu kutoka kwa nzi wako. Wenyewe hawaonyeshi, ila wana wao wa kiume wangeonyesha. Nilitaka kuthibitisha kwamba bila Mshikaji wako, Mwenza wangu haotishi kitu. Mwalimu alisema hilo likionekana, jina lako litatangulia langu. Tulipanga kikaoni, hukuwepo. Na kila nikija kukwambia, unanigeuzia uso."

Mugdha aliitazama kalenda.

"Si urudie?"

"Makala inatumwa Ijumaa. Nimembembeleza Mwalimu, amekataa kungoja."

Machozi yakaanza kumtoka binti wa watu, pale pale mbele ya wenzake, bila haya.

"Umenisamehe, dada?"

"Nimekusamehe," alisema Mugdha. Na hata hapo alimwonea wivu, kwa kuwa mwenzake aliweza kulia.